Mafunzo ya walimu wa shule za ziada za jamii: maana yake

Shule ya ziada ya jamii ni shule inayoanzishwa na kuendeshwa na jamii ya wahamiaji au ya watu wachache kwa ajili ya watoto wao, nje ya saa za shule ya kawaida. Kwa England peke yake, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kati ya shule 3,000 na 5,000. Nyingi hufunguliwa Jumamosi, kwenye ukumbi wa kanisa, msikitini au katika madarasa ya kukodi. Watoto hufundishwa lugha ya wazazi, historia, pengine dini, na wengine husaidiwa hesabu na Kiingereza.

Mafunzo ya walimu wake, basi, ni kuwaandaa watu wanaofundisha humo. Wengi wanajitolea. Kuna wauguzi, madereva, wanafunzi wa chuo kikuu, na kuna waliokuwa walimu kamili walikotoka lakini vyeti vyao havikutambuliwa Uingereza.

Shule hizi si jambo la jana. Wapolandi waliohamia Uingereza waliunda chama chao cha elimu mwaka 1953. Mwaka 1969 John La Rose, mzaliwa wa Trinidad, alianzisha London shule aliyoipa jina la George Padmore, mmoja wa waandaaji wa Kongamano la Umoja wa Waafrika (Pan-African Congress) la Manchester la 1945 ambalo Jomo Kenyatta alihudhuria. Miaka miwili baadaye Bernard Coard, mwalimu kutoka Grenada, alionyesha jinsi watoto wa Karibiani walivyokuwa wakirundikwa katika shule za wanaohesabiwa kuwa na akili pungufu, na wazazi wengi zaidi wakaanza kufundisha watoto wao wenyewe. Kisha ripoti ya Swann ya 1985, iliyoagizwa na serikali kuhusu elimu ya watoto wa jamii za wachache, ikasema kutunza lugha za wazazi ni kazi ya jamii zenyewe. Kazi ikakabidhiwa jamii. Fedha za kumwandaa mwalimu hazikufuatana nayo.

Mafunzo huanza na usalama wa mtoto: mwalimu kukaguliwa rekodi ya makosa ya jinai, na kujua amwambie nani anapoona dalili za mtoto kuumizwa. Hilo halina mjadala. Ugumu uko kwenye ufundishaji wenyewe.

Chukua Leicester, mji wa England walikohamia Wahindi wengi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Mwalimu aliyejifunza kusoma Kigujarati Kampala, kwa kuimba herufi pamoja na darasa zima, sasa ana mbele yake mtoto anayemwelewa bibi yake vizuri lakini humjibu kwa Kiingereza, na hajui herufi hata moja. Kwa mtoto huyo Kigujarati si lugha ya kwanza, wala si ya kigeni. Vitabu kutoka India vinamzidi, na vya kufundishia wageni vinamchosha. Pembeni yake kaketi mwenzake wa miaka kumi na tano anayejiandaa kwa GCSE, mtihani wa taifa ambao kwa kawaida hufanywa katika umri wa miaka 16. Kupanga somo moja litakalowafaa wote wawili ni ujuzi, na lazima mtu afundishwe.

Walimu wengi pia walishikilia kwamba Kiingereza kisisikike darasani. Angela Creese na Adrian Blackledge, waliotafiti shule za Kigujarati, Kibengali, Kichina na Kituruki, walieleza mwaka 2010 jinsi walimu na watoto walivyotumia lugha zote mbili kwa pamoja ili somo lieleweke. Kwangu mimi, hili ndilo la kwanza kumwonyesha mwalimu mpya: Kiingereza cha mtoto ni daraja la kumfikisha kwenye lugha ya nyumbani.

Mtu anayefanya kazi wiki nzima hawezi kukaa chuoni mwaka mzima, kwa hiyo kozi hizi huwa fupi, za jioni au mwisho wa wiki. Inayosaidia zaidi ni ile inayomfuata mwalimu darasani, mwenzake mzoefu akae nyuma atazame, kisha wazungumze. Mafunzo hayo nayo yapasa kuhesabiwa. Anayefundisha Jumamosi kwa miaka, akahudhuria kila kozi, akitaka kuwa mwalimu wa shule ya serikali hatakiwi kuanza kana kwamba hajawahi kushika chaki.