Nyumba ya Shela: yasemwayo na yalivyo

Kila kaskazi ikianza kuvuma, simu yangu hujaa picha. Ukuta mweupe, boriti darini, mlango wa kuchonga, na kwa mbali tanga la jahazi. Chini yake swali lile lile: hii ya Shela wanataka kiasi hiki, ninunue? Mara anayeuliza ni mtoto wa mjomba wangu aliye Muscat, mara mtu niliyesoma naye aliye Ujerumani, mara mtu wa Nairobi aliyekuja Lamu siku nne akaondoka, moyo akauacha.

Mimi si dalali wala wakili. Lakini nimewasindikiza watu wa kutosha kwenda kuangalia nyumba, na karibu wote huja na mawazo yale yale. Mengine wamelishwa na madalali, mengine wameyazua wenyewe kwa mahaba.

Kwa asiyepata kufika, Shela ni kijiji cha kisiwa cha Lamu, mwendo wa dakika arubaini hivi kutoka mjini ukifuata pwani, na ng'ambo ya maji ni Manda. Vichochoro vyake ni vya watu na punda. Ufuo unaanzia mwisho wa kijiji na kwenda kilomita 12 hivi, nyuma yake milima ya mchanga. Wageni wa Ulaya wamenunua na kufufua nyumba nyingi hapo, hata wa nasaba za kifalme wamo, na leo ni katika sehemu ghali kabisa za mwambao wa Kenya. Kila jambo hufanywa kwa miguu, na hilo ndilo linalowavuta watu. Basi tuyatazame mawazo hayo, moja moja.

"Nyumba ya mbele, ufuo ni wako"

Si wako. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 62, inaihesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Mvuvi akikokota mashua yake mbele ya baraza lako, yuko kwake. Watoto wa madrasa wakija kuoga alasiri, wako kwao. Ukisogeza ukuta mbele kidogo kidogo, siku ya bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, bahari itakuonyesha mpaka wake, kisha serikali itakuja kukuonyesha wa kwake. Bahari haichelewi kama serikali.

"Mimi mtoto wa hapa, sheria za wageni hazinihusu"

Hili huwauma jamaa zetu wa nje, na hakuna dalali anayelitaja.

Kifungu cha 65 cha Katiba kinasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya ila kwa kukodishiwa, na muda wake usizidi miaka 99. Kifungu hakiulizi bibi yako kazikwa wapi. Kinauliza pasipoti. Sasa, kabla ya Katiba hiyo kuanza kutumika Agosti 2010, Kenya haikuruhusu uraia wa nchi mbili. Mtu mzima aliyechukua uraia wa Uingereza au Ujerumani kabla ya hapo aliupoteza ule wa Kenya, hata kama kitambulisho cha zamani bado kimo mkobani. Kuurudisha inawezekana, maana Katiba yenyewe inampa aliyezaliwa raia haki ya kuomba tena, lakini lazima aombe, apewe, ndipo atie sahihi ya kununua. Wa Oman wana tatizo zaidi, kwa sababu Oman kwa kawaida haikubali mtu wake awe na uraia wa pili. Mtoto wa mjomba wangu alinijibu, "Kwa hiyo mimi Shela ni mgeni sawa na yule Mfaransa?" Nikamwambia mbele ya rejista ya ardhi, ndiyo.

Wengine hushauriwa wafungue kampuni. Ujanja huo Katiba imeshauziba: kampuni huhesabiwa raia pale tu inapomilikiwa yote kabisa na raia. Hisa moja ya mgeni inatosha kuifanya ngeni.

Na liko jambo jingine. Mabadiliko ya sheria za ardhi ya 2016 yaliingiza katika Sheria ya Ardhi kitu kinachoitwa ardhi inayodhibitiwa. Humo zimetiwa safu ya kwanza na safu ya pili ya viwanja kutoka alama ya maji kujaa ya Bahari ya Hindi. Asiye raia hanunui wala hakodishiwi hapo bila idhini ya maandishi ya Waziri. Ukisikia dalali anasema "safu ya pili haina shida," muulize hesabu yake ya safu inaanzia wapi.

Zanzibar, kwa wanaolinganisha, wana utaratibu wao. Kule ardhi yote ni ya umma chini ya Rais wa Zanzibar, na mgeni hununua fleti au nyumba katika miradi kama ule wa Fumba kwa mkataba wa muda mrefu. Ni nchi nyingine yenye sheria nyingine. Usichukue ushauri wa Fumba ukaja nao Shela.

"Mzee ana hati, mzee ameuza, tumalize"

Hapa nitakaa kidogo, kwa maana hapa ndipo pesa za watu zinapozama.

Nyumba za kale za Lamu hazikujengwa ziuzwe. Zilijengwa zikae na ukoo. Binti akiolewa, babake alimpandishia ghorofa juu ya nyumba yake, na jirani akiwa ndugu, chumba kilivushwa juu ya kichochoro kikaegemea ukuta wa pili. Chumba hicho ndicho wikio. Unapita chini yake kivulini unashukuru, hujiulizi ni cha nani. Mnunuzi ajiulize. Nimeingia nyumba ambayo daka (ukumbi wa mlangoni) na kiwanda (ua wa ndani) cha chini ni cha ndugu mmoja, orofa ya juu ni ya kizazi cha dada yake, ngazi wanatumia wote, na wikio lina madai ya jirani. Hati ni karatasi moja yenye jina la babu aliyefariki zamani.

Tulikwenda kuangalia nyumba moja, mimi na huyo wa Muscat. Mzee alitukaribisha vizuri, kahawa na halua. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zilikuwa nzima, plasta yake imechongwa kama kanzu ya harusi. Bei ilikuwa nzuri kupita kiasi. Ndugu yangu alikuwa ameshaanza kupanga kitanda kitaelekea wapi. Nikauliza, "Mzee, warithi mko wangapi?"

Akasema, "Mwanangu, tuliopo hapa ni mimi."

"Na wasiokuwapo?"

Akacheka. Pamoja naye walikuwa saba: watatu Mombasa, mmoja Malindi, mmoja Jidda, na mmoja ambaye hakuna aliyekuwa na hakika yuko wapi. Mirathi haikuwa imefunguliwa kwa Kadhi wala kwingine. Yule mzee hakuwa tapeli. Alikuwa akiuza alichokiona ni chake, yaani kukaa kwake pale miaka arubaini. Lakini ukilipa hapo, umenunua kesi na watu sita.

Kwa hiyo ukweli wake ni huu. Upekuzi wa rejista ya ardhi ni mwanzo tu, hukuonyesha jina lililoandikwa na kama kuna mkopo au zuio. Haukuonyeshi warithi. Hao utawapata kwa kukaa barazani. Nenda baada ya alasiri, nenda na mtu wa mtaa, uliza majirani wa kuta zote nne. Kama mwenye hati kafa, mirathi imalizwe kwanza na warithi wote watie sahihi. Kama ana mke, au ni mwanamke mwenye mume, wakili ajuaye kazi yake atataka ridhaa kwa maandishi. Na uliza kama nyumba au kiwanja ni wakfu, yaani kimetolewa kwa ajili ya dini au hisani. Mali ya wakfu haiuzwi, kwa bei yoyote, na kuna za namna hiyo mwambao mzima ambazo watu wameshasahau ni wakfu mpaka siku ya mnada.

Tena liko lile la Mombasa, nyumba ya mtu juu ya ardhi ya mwingine, mwenye nyumba akimlipa mwenye ardhi kodi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908, ya wakati wa Waingereza, iliacha wengi mwambao bila hati, na mazoea hayo yamebaki. Usidhani ukiona ukuta umeona ardhi.

"Kila kitu kwa miguu"

Kweli, mpaka utake kuhamisha friji.

Kutembea Shela ni raha isiyo na kifani. Mkate, samaki, msikiti, kahawa, yote dakika tano. Lakini njia ya pwani kwenda mjini inafuata maji. Bahari hupanda na kushuka mita 3 hivi wakati wa bamvua, na maji yakijaa kuna vipande vya njia unavua viatu, au unangoja, au unapanda boti. Hospitali kubwa, King Fahd, iko Lamu mjini. Uwanja wa ndege uko Manda, ng'ambo ya maji. Mgonjwa wa saa nane za usiku hubebwa, kisha hupakiwa botini. Mwenye mzazi mzee alifikirie hilo kabla ya kufikiria machweo.

Ujenzi nao ni kwa miguu, minne. Saruji, mawe, mchanga, mabomba, vyote huja kwa chombo hadi gatini, halafu mgongoni mwa punda kwenye kichochoro kisichopitisha punda wawili wakikutana. Gharama ya fundi wa bara unayoijua izidishe, na muda vilevile. Ukarabati wa "miezi mitatu" nimeuona ukimaliza misimu miwili ya kusi.

Bodaboda? Zimeshafika Lamu, na mabishano yake bado ni makali. Anayenunua kwa ajili ya ukimya asichukulie kuwa ukimya umo katika hati.

"Nyumba ya mawe haichakai"

Nyumba ya matumbawe na chokaa hudumu kwa sababu inapumua. Unyevu na chumvi huingia na kutoka. Mnunuzi mpya hufika, huona chokaa inabanduka, humwita fundi apige saruji. Ukuta ukishazibwa, unyevu hubaki ndani, na baada ya muda plasta mpya hutoka vipande vipande na kuondoka na jiwe. Nondo ndani ya zege karibu na bahari huota kutu, huvimba na kupasua. Tafuta fundi wa chokaa. Wamepungua, na wanajua wamepungua, kwa hiyo mtapatana bei polepole.

"Tuko ndani ya Urithi wa Dunia, hakuna wa kutuharibia"

Kilichoandikwa na UNESCO mwaka 2001 ni Mji wa Kale wa Lamu. Shela ni kijiji chake chenyewe. Ulizia mipango ya kaunti juu ya kiwanja kilicho mbele yako, maana mandhari uliyoinunua inaweza kuota ghorofa tatu.

"Bei hupanda tu, na wageni watailipa nyumba"

Septemba na Oktoba 2011 wageni walitekwa nyara, mmoja akichukuliwa Kiwayu, kaskazini mwa Lamu, wa pili Manda, ng'ambo tu ya Shela. Balozi zikatoa maonyo, hoteli zikafunga. Juni 2014 pakawa na mashambulizi ya Mpeketoni, mji wa kaunti ya Lamu upande wa bara, kukafuata amri ya kutotoka nje usiku. Mwaka 2020, korona. Mara zote tatu, waliokuwa wamekopa kwa kutegemea wapangaji walitafuta wanunuzi na hawakuwapata. Upande wa pili, uvumi wa bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, uliwafanya watu wanunue viwanja ambavyo mpaka leo wanavitazama tu.

Na mwaka wenyewe una miezi yake. Masika yakianza na kusi kushika, Aprili hadi Juni, hoteli nyingi hufunga. Mlinzi na mpishi wanaendelea kula.

Gharama za karatasi, kwa haraka: ushuru wa stempu hulipwa na mnunuzi, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, juu yake wakili na mthamini. Muuzaji hulipa kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15 tangu Januari 2023. Ukisikia muuzaji anataka mkataba uandikwe bei ndogo "ili tusaidiane", anayesaidiwa ni yeye. Siku utakapouza wewe, faida itahesabiwa kutoka bei hiyo ndogo.

"Maji yapo"

Yapo, kwa sababu ya ile milima ya mchanga. Mvua inanyesha juu yake, inazama, inakaa chini kama tabaka la maji matamu, na hayo ndiyo yanayonywewa Shela na mjini Lamu. Ndiyo maana kila anayejenga juu ya mchanga ule huzua ugomvi, na ni ugomvi wa haki. Ukivuta sana kisima kilicho karibu na bahari, chumvi hupanda. Bwawa la kuogelea kwenye kiwanda ni zuri pichani. Majirani wanajua maji yake yametoka wapi.

Kisima usikionje wakati wa mvua. Kionje mwisho wa kaskazi, mwezi wa Machi, ardhi imekauka. Ndugu yangu wa Muscat alirudi mwezi huo kuangalia nyumba nyingine, ndogo, safu ya nyuma, warithi watatu na wote wapo. Akateka ndoo, akaonja, akatema. Kisha akamgeukia mwenye nyumba, akauliza punda wa maji hupita saa ngapi.