Taa ya mbao: ficha waya, usifiche kiungo

Seremala aliyechonga taa ya mezani kwa mninga hapendi kuona waya ukining'inia ubavuni mwa kazi yake. Ana haki. Sisi walimu wa umeme wa majumbani tunaomba jambo moja tu: kinachopita ndani ya mbao kiwe waya mzima, usiokatwa popote. Kiungo, yaani mahali nyaya zinapoungana, kikae mahali bisibisi inapofika.

Niliwahi kuletewa taa nzuri mno, imepigwa msasa na vanishi ikang'aa, ila ilikuwa ikiwaka na kuzimika yenyewe. Katikati ya shina, nyaya zilikuwa zimesokotwa na kuzungushiwa selotepu, kisha shina likagundishwa moja kwa moja. Kiungo kilicholegea hupata joto, na hiki kilikuwa kimeshaanza kuibabua mbao. Ilibidi tuipasue taa ya watu ili tukifikie.

Tundu la waya litobolewe mapema, mbao ikiwa bado na pande nne zilizonyooka. Ukishachonga, kuipata katikati ni kubahatisha. Biti ya milimita 10 au 12 inatosha. Shina likiwa refu kuliko biti, toboa kutoka ncha zote mbili.

Ndani ya tundu pitisha bomba jembamba la chuma lenye hesi (mistari ya kuzungushia nati). Juu linashika holda ya balbu, chini linakazwa kwa nati, na waya unapata kinga. Chimba kitako kwa chini ili nati ikae humo pamoja na kibano cha waya, kisha ufunike kwa kibao kilichofungwa kwa skrubu. Skrubu, wala si gundi! Kibano hicho ni muhimu: mtoto akiuvuta waya, mvuto uishie hapo, usifike kwenye holda. Waya unapotokea ubavuni, weka mpira usikwaruzwe na ukingo wa tundu.

Chuma kilichofichwa bado ni chuma. Ukitumia bomba hilo, nunua waya wa nyuzi tatu: kahawia ni moto (unaoleta umeme), bluu ni nyutro (unaourudisha), kijani na njano ni ethi (wa usalama, unaoupeleka umeme uliovuja ardhini), na ethi ifungwe kwenye bomba. Kwa holda ya kuzungusha, moto uende kwenye ncha ya katikati na nyutro kwenye hesi ya holda, maana hesi hiyo ndiyo vidole hugusa wakati wa kubadili balbu. Swichi ikate waya wa moto. Plagi nyingi za pini tatu huuzwa na fyuzi ya ampea 13. Kwa taa weka ya ampea 3.

Kabla ya kuchomeka, pima ukinzani kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme): kati ya pini ya ethi na bomba usomaji ukaribie sifuri; kati ya pini ya moto na ya ethi pasiwe na njia ya umeme kabisa. Kisha washa balbu ya LED kwa saa moja, chomoa plagi, ushike mbao chini ya holda. Ikiwa moto hadi unauondoa mkono, punguza wati za balbu.