Wanaosema "chemsha tu" hawajakutana na Moorella

Jikoni dawa ya kila kijidudu ni moja: chemsha. Kwa vijidudu vya kuharisha ushauri huo ni sahihi, na usiuache. Kasoro inaanza tunapouhamishia kwa bakteria wa kabila jingine kabisa: wale wanaostawi kwenye nyuzi joto 50 hadi 70, pasipo na oksijeni, na ambao wakibanwa hujifungia ndani ya spora, yaani umbo gumu la kulalia hadi hali iwe nzuri tena. Hizi hapa dhana zinazozoeleka kuwahusu, na kasoro ya kila moja.

"Maji yakitokota, hakuna kinachobaki hai."

Mwaka 2000 zilichapishwa habari za aina mbili za Moorella thermoacetica, mmoja wa bakteria hao wapenda joto, zilizopewa namba za maabara, JW/DB-2 na JW/DB-4. Hakuna aliyekuwa akizitafuta. Zilijiotea zenyewe ndani ya mchuzi wa kuoteshea bakteria ambao tayari ulikuwa umepita kwenye otoklevu, ule mtungi wa mvuke wa shinikizo ambao maabara na hospitali huutegemea. Spora zao zilipopimwa, ikaonekana kwamba nyuzi 100 haziziui, bali zinaziamsha: zilihitaji kuchemshwa zaidi ya dakika 2, na wakati mwingine hadi dakika 90, ndipo zichipue kwa wingi. Sisi tunaoacha maji yatokote dakika tano tunakuwa tumepiga hodi tu.

"Ugumu wa spora unategemea aina ya bakteria, basi."

Dhana hii hata waliosoma wanayo, na ndiyo inayonivutia kuliko zote. Ugumu hupimwa kwa swali jepesi: kwenye nyuzi 121, zinapita dakika ngapi mpaka katika kila spora kumi ibaki moja hai?

Mtazame JW/DB-4. Alipolishwa haidrojeni na kaboni dioksidi na spora zikaundwa kwenye nyuzi 60, jibu lilikuwa dakika 38. Alipolishwa chakula cha kawaida cha maabara, spora zikaundwa kwenye nyuzi 60 zilezile, jibu likaruka hadi dakika 111. Lishe hiyo ya kawaida ikibaki vilevile, ila spora zikaundwa kwenye nyuzi 45, dakika zikashuka hadi 23. Bakteria ni yuleyule na jeni ni zilezile, lakini ugumu umepishana karibu mara tano kwa sababu ya alichokula na joto lililokuwapo alipokuwa akijifungia.

Ili uone ukubwa wa namba hizo, chukua Clostridium botulinum, bakteria mwenye sumu ambaye viwanda vya makopo hupanga upishi wao kwa kumhofia yeye. Kwa spora zake jibu ni kama dakika 0.2, kwa hiyo dakika 3 hivi zinatosha kuzipunguza mara kumi, kisha mara kumi tena, na kurudia hivyo hadi mzunguko wa kumi na mbili. Ukitaka kumfanyia hivyo Moorella wa dakika 111, kwa hesabu ya karatasi utapika kwa saa 22. Hakuna maharage yatakayovumilia hayo.

Siri iko kwenye ujenzi. Kiini cha spora hukaushwa, na badala ya maji hujazwa asidi ya dipikoliniki iliyoshikana na kalsiamu. Nje yake hukaa tabaka nene liitwalo koteksi, ambalo kwenye spora hizi za Moorella unene wake ulikuwa kati ya mikromita 0.10 na 0.29. Anayejenga yote hayo ni seli mama, na hujenga kwa alichonacho siku hiyo. Ndiyo maana hata spora zinazouzwa za kukagulia otoklevu (hizo ni za Geobacillus, mpenda joto asiyeogopa oksijeni) kila toleo huja na kipimo chake cha ugumu. Mtengenezaji anajua kwamba za mwezi huu si lazima zifanane na za mwezi uliopita.

"Spora ni mayai ya bakteria."

Neno hili tumelizoea kwenye uyoga na kuvu, ambao kweli huzaana kwa spora. Kwa bakteria tunaowazungumzia, seli moja hutoa spora moja, na spora moja huchipua seli moja. Idadi haijaongezeka hata kidogo.

"Njaa ndiyo inayoleta spora."

Kwa bakteria wengi ni kweli, na vitabu huishia hapo. Sasa njoo kwa Clostridium thermocellum, mla selulosi anayependa nyuzi kama 60 na ambaye watu wanamtamani kwa kazi ya kugeuza mabua na majani kuwa ethanoli. Utafiti wa mwaka 2012 ulimnyima kaboni, ukamnyima naitrojeni, na spora hazikuonekana. Alipokosa chakula kwenye chombo cha kuoteshea mfululizo, seli nyingi ziligeuka kuwa kitu kingine: hali ya kulala isiyo spora, inayofahamika kwa jina la L. Spora zilitokea alipobadilishiwa chakula, kutoka kinachoyeyuka majini kwenda kisichoyeyuka au kinyume chake, na hata hivyo zilikuwa kama asilimia 7 tu. Kumwingizia oksijeni kulileta matokeo yanayokaribiana na hayo.

Na si kwamba spora hushinda kila mahali. Kwenye joto kali na uhifadhi wa muda mrefu zilivumilia kuliko hali ya L, lakini chakula kizuri kiliporudi, walioamka haraka walikuwa wale wa L.

"Kopo likishapikwa kiwandani, ndani hamna kilicho hai."

Kinachohakikishwa ni kwamba hakuna kitakachoota katika joto la kawaida la ghalani na dukani. Spora za wapenda joto zinaweza kuwamo, zimelala, na zisimdhuru mtu. Shida huja kopo linapokaa kwenye joto lao. Japani wanaifahamu vizuri, kwa sababu kule kahawa ya kopo huuzwa kwenye mashine zinazoiweka moto, nyuzi 50 hadi 60, na Moorella ni mmoja wa wanaoiharibu. Huku kwetu ningehofia zaidi kontena lililosahaulika juani. Kopo lililovimba tupa tu, maana kwa macho hutajua ni nani aliyelivimbisha.

"Wapenda joto hukaa penye joto."

Chemchemi za Ziwa Bogoria kule Kenya ni makazi yao, hilo halina ubishi. Ila mwaka 2009 iliripotiwa kwamba tope la chini ya bahari huko Svalbard, karibu na ncha ya kaskazini, limejaa spora za bakteria wa aina hiyo, wasiotaka oksijeni na wanaopumua salfeti. Tope lenyewe ni la baridi kama friji. Lilipopashwa moto hadi nyuzi 50, waliokuwa wamelala wakaanza kazi. Ilikadiriwa kwamba kila mita mraba ya sakafu ile hupokea zaidi ya spora milioni 100 kwa mwaka, na kwa kuwa pale haziwezi kuota, zinadhaniwa kupandishwa na maji au mafuta kutoka kwenye miamba yenye joto, chini kabisa ya bahari.