Pombe na ugonjwa wa sikio la ndani: fidia inapovunjika

Mtu mwenye ugonjwa sugu wa sikio la ndani anaweza kunywa glasi moja ya divai akayumba kuliko mwenzake aliyekunywa nne. Watu wanaomtazama wanaona mlevi asiyejua kiasi chake. Yeye mwenyewe anaingiwa na hofu kwamba ugonjwa umezidi. Mara nyingi pande zote mbili zimekosea. Kilichotokea ni kuvunjika kwa fidia, yaani ubongo umeacha kwa muda kazi ya kuziba pengo la sikio bovu. Ukishaielewa dhana hii, mengi yanayoshangaza kuhusu pombe na kizunguzungu yanapata maelezo.

Ndani kabisa ya mfupa wa fuvu, kila sikio lina mifereji mitatu iliyopinda nusu duara na vifuko viwili vidogo. Vifuko vinahisi mvuto wa ardhi na mwendo wa kwenda mbele, nyuma, juu au chini. Mifereji inahisi kugeuka kwa kichwa. Imejaa majimaji yaitwayo endolimfu, na kila mmoja una sehemu iliyokingwa kwa pazia laini la ute mzito liitwalo kupula. Kichwa kikigeuka, majimaji huchelewa kidogo, yanaisukuma kupula, vinyweleo vya seli zilizo chini yake vinapinda, na taarifa inakwenda kwenye ubongo. Macho hupokea amri ya kujirekebisha ndani ya takriban milisekunde 10. Ndiyo maana unaweza kusoma bango huku unatembea na maandishi yasirukeruke.

Masikio haya hufanya kazi kwa jozi. Hata ukikaa kimya bila kutikisika, kila moja linatuma ishara, na ubongo unazilinganisha. Upande mmoja ukidhoofika, iwe kwa maambukizi ya neva ya usawa, ugonjwa wa Ménière, jeraha la kichwa au dawa inayodhuru sikio kama gentamisini, ishara za upande wa pili zinazidi nguvu na ubongo unaamini kwamba mwili unazunguka. Siku za kwanza ni za mateso: kitanda kinazunguka, mgonjwa anatapika, hawezi kusimama bila kushika ukuta. Kisha, kwa wiki na miezi, mambo yanatulia. Wengi hudhani sikio limepona, lakini mara nyingi sikio limebaki lilivyo. Ubongo, hasa sehemu yake ya nyuma iitwayo serebela, umejifunza kuzisoma upya ishara zilizopotoka na kuegemea zaidi macho, nyayo, viungo vya miguu na misuli ya shingo. Huko ndiko kufidia.

Sasa ongeza pombe. Serebela ni miongoni mwa sehemu za ubongo ambazo pombe huzilegeza mapema. Askari anapomtaka dereva atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole, anaipima hasa hiyo serebela. Mtu mwenye masikio mazima akipoteza sehemu ya uwezo wake huo bado ana masikio ya kumtegemeza. Mwenye sikio bovu anakuwa amepoteza mlinzi wake mkuu. Tena pombe haiishii hapo. Inapunguza uwezo wa macho kufuata kitu kinachosogea na inachelewesha miguu kujibu. Ikiwa ni usiku na taa ni hafifu, macho nayo hayana la kusaidia. Kwa hiyo kiasi kile kile cha pombe katika damu, kinachomchangamsha mwenzake tu, kinaweza kumrudisha yeye kwenye hali ya wiki za mwanzo za ugonjwa. Hali hii kwa kawaida hupita pombe inapotoka mwilini. Haimaanishi kwamba mtu huyo ni dhaifu wa pombe, na kumcheka ni kumwonea.

Kuna jambo la pili, linalotokea ndani ya sikio lenyewe, nalo linampata kila mnywaji. Robert Bárány, tabibu aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa kazi yake kuhusu viungo vya usawa, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kueleza jinsi macho ya mtu aliyelewa yanavyochezacheza yenyewe anapolala ubavu. Chanzo ni uzito. Kwa kawaida kupula na endolimfu zina uzito unaolingana, kwa hiyo kupula haielei wala haizami, na ukilala haihisi chochote. Pombe ni nyepesi kuliko maji: mililita moja ya ethanoli safi ina takriban gramu 0.79. Kwa kuwa kupula iko karibu na mishipa ya damu, pombe huifikia mapema kuliko inavyoenea kwenye majimaji. Kupula inakuwa nyepesi, inaanza kuelea, na mtu aliyelala anahisi chumba kinazunguka ilhali hajatikisa hata kope. Mwaka 1974 watafiti Money na Myles walionyesha kwamba maji mazito, yaani yale yenye hidrojeni nzito, huleta athari ya kinyume, na kwamba yakinywewa pamoja na pombe, athari hizo mbili hupunguzana. Ulikuwa ushahidi mzuri sana kwamba tatizo ni uzito.

Awamu hiyo ya kwanza huanza kama nusu saa baada ya kunywa na hudumu saa tatu hadi nne. Pombe ikishaenea pia kwenye endolimfu, uzito unalingana tena na mtu anapata nafuu ya saa moja au mbili. Halafu mambo yanageuka. Pombe hutoka kwenye kupula mapema kuliko inavyotoka kwenye majimaji, kwa hiyo sasa kupula ndiyo nzito na kizunguzungu kinarudi kwa kuelekea upande wa pili. Hiki ndicho kizunguzungu cha asubuhi, nacho kinaweza kuendelea kwa saa kadhaa hata baada ya pombe kwisha kwenye damu. Ndiyo siri ya kuzimua pia: anayekunywa tena asubuhi anaifanya kupula iwe nyepesi upya, anatulia kwa muda, na anaahirisha deni lile lile.

Kwa mtu mwenye hitilafu ya usawa, asubuhi hiyo ina hatari kuliko usiku wenyewe. Usiku alikuwa na watu, alishikwa mkono, alijua amekunywa. Asubuhi anajiona mzima, anashuka ngazi haraka au anawasha gari. Kipimo cha pumzi kinaweza kuonyesha sifuri wakati sikio bado halijatulia. Ningekuwa na ushauri mmoja tu wa kumpa mtu aliyeamua kunywa, ungekuwa huu: hesabu na siku inayofuata.

Ugonjwa wa Ménière unastahili maneno yake. Umepewa jina la tabibu Mfaransa Prosper Ménière, ambaye mwaka 1861 alieleza kwamba kizunguzungu cha namna hii kinaweza kutoka sikioni, wakati wengi waliamini ni damu kujaa kichwani. Wenye ugonjwa huu huwa na endolimfu iliyozidi na kuvimbisha vyumba vya sikio la ndani. Shambulio huchukua dakika 20 hadi saa 12, likiambatana na sikio kujaa, kuvuma, na usikivu kushuka. Pombe huzuia homoni inayoyabakiza maji mwilini, ndiyo maana mnywaji hukojoa sana kisha akaamka na kiu kali, na kupanda na kushuka huko kwa maji na chumvi ndiko madaktari wengi wanakokuhofia wanaposema punguza pombe. Ushauri huo una mantiki, ila haujathibitishwa kwa majaribio makubwa yaliyolinganisha wanaokunywa na wasiokunywa. Wako wagonjwa ambao bia moja huwaletea shambulio, na wako ambao haiwafanyi chochote.

Kwa sababu hiyo naamini daftari lina msaada kuliko katazo la jumla. Andika ulikunywa nini, kiasi gani, ulilala saa ngapi, ulikula chumvi kiasi gani, na saa 24 zilizofuata zilikwendaje. Kizunguzungu cha pombe hutegemea mkao wa kichwa na hakiambatani na sikio moja kuziba na kuvuma. Sikio likiziba na usikivu ukashuka, hilo ni shambulio, na linapaswa kuandikwa hivyo. Kwa wenye kipandauso cha kizunguzungu, divai nyekundu hulaumiwa mara nyingi, na wengine hugundua wanavumilia kinywaji kimoja lakini si kingine. Hayo nayo daftari litayaonyesha.

Waliopoteza kazi ya usawa ya masikio yote mawili wanahitaji tahadhari kubwa zaidi. Gizani hawana nguzo nyingine zaidi ya miguu, na ndani ya maji wanaweza kushindwa kutambua juu ni wapi. Kunywa kisha kuogelea, kwa mtu wa aina hii, ni kuhatarisha maisha.

Halafu kuna dawa. Promethazini, sinarizini, prokloperazini na diazepamu, ambazo hutolewa kutuliza kizunguzungu, zote huleta usingizi, na pombe huuzidisha. Diazepamu na pombe nyingi vinaweza kudhoofisha hata upumuaji. Anayetumia dawa ya kuongeza mkojo anaweza kushuka shinikizo la damu akisimama, akaanguka. Usiache dawa ghafla ili upate nafasi ya kunywa, muulize aliyekuandikia.

Nawafikiria pia wale wanaokunywa kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Kuishi ukingoja shambulio lisilo na ratiba kunachosha roho, na glasi ya jioni hutuliza wasiwasi kwa saa chache. Lakini pombe hukatakata usingizi wa usiku, na ubongo uliochoka hufidia vibaya. Kesho yake kizunguzungu kimeongezeka, na wasiwasi pia. Aliyejikuta kwenye mzunguko huu amwambie daktari bila kuona haya, kwa kuwa wasiwasi unaoambatana na magonjwa ya usawa una tiba yake.

Ukishakunywa na chumba kikaanza kuzunguka, washa taa, fungua macho uyakazie kitu kisichosogea, inua kichwa kwa mito, na teremsha mguu mmoja hadi sakafuni ili ubongo upate taarifa ya kweli kutoka kwenye unyayo. Njia ya kwenda chooni iwe na mwanga na isiwe na vitu vya kujikwaa. Kama una miadi ya vipimo vya usawa, acha pombe saa 24 hadi 48 kabla, kulingana na maelekezo ya kliniki, maana inayachezesha macho na kuvuruga majibu. Na kizunguzungu kikija ghafla pamoja na ulimi mzito, uso kupinda, kuona viwili viwili, au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea, asitokee mtu wa kusema ni pombe tu atalala itaisha. Hizo ni dalili za kiharusi, na mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ananuka bia.