Mtafiti wa ugaidi sio jasusi wala mtetezi wa magaidi: dhana potofu na ukweli kuhusu kazi ya mwanasosholojia wa siasa

Ukimwambia mtu kwamba kazi yako ni kusoma ugaidi na itikadi, mara nyingi utapata moja kati ya majibu mawili, ama anakuuliza kama uko usalama wa taifa, ama anakuangalia kwa wasiwasi kama vile na wewe umo. Wanasosholojia wa siasa, yaani wanaochunguza jinsi jamii na siasa zinavyogusana, wanaosoma mambo haya wanaishi na hizi dhana miaka yote ya kazi zao, na mimi zinaniuma kwa sababu zinawatisha wanafunzi wazuri ambao wangeifaa sana hii fani. Kwa hiyo naziweka hapa, nikianza na ile nzito kuliko zote.

Dhana: Kueleza kwanini mtu amekuwa gaidi ni kumtetea

Hapana. Swali la nani ana hatia lina mahakama yake, na swali la ilikuwaje wakafika huko ndo la mtafiti, ni maswali mawili tofauti na unaweza kujibu la pili bila kumpunguzia mtu hata siku moja ya kifungo.

Angalia Italia. Tarehe 16 Machi 1978 kundi la Brigate Rosse, kundi la siri la mrengo wa kushoto kabisa, lilimteka Aldo Moro, waziri mkuu wa zamani, likaua walinzi wake wote watano, na yeye mwenyewe akakutwa amekufa tarehe 9 Mei. Watu wengi walitaka kusikia kwamba wale ni mashetani na mjadala uishie hapo. Donatella della Porta, mwanasosholojia wa hukohuko Italia, akafanya kazi ngumu zaidi, alitumia simulizi za maisha za watu waliokuwa kwenye makundi yale, akalinganisha Italia na Ujerumani Magharibi, na alichoonyesha ni kwamba maandamano yalivyoshughulikiwa na polisi, ushindani kati ya makundi yenyewe, pamoja na urafiki wa karibu ndani ya vikundi vidogo, vilisukuma baadhi ya vijana hatua kwa hatua mpaka wakaingia mafichoni na kuanza kuua. Sasa hapo hakuna neno hata moja linalomsafisha muuaji. Kilichopo ni ramani ya njia waliyopita, na ukiwa na ramani ndo unajua wenzao wengi walikata kona wapi wakarudi nyumbani.

Au chukua ripoti ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ya 2017 kuhusu Afrika, waliongea na watu 495 waliojiunga na makundi ya misimamo mikali kwa hiari yao, na 71% walisema kilichowasukuma mwisho kabisa ni kitendo cha serikali, kwa mfano ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa. Mtafiti anayeiweka hiyo namba mezani hasemi kundi lina haki. Anasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na anakuonyesha ufa wenyewe uko wapi. Nimeona watu wakimshambulia mtafiti kwa kusema tu hivyo, na kwa kweli ni dhuluma, manake ni yeye aliyekaa na wale watu akawasikiliza ili sisi tujue.

Dhana: Magaidi ni vichaa, kwa hiyo hii ni kazi ya madaktari wa akili

Martha Crenshaw, mwanasayansi ya siasa wa Marekani, aliandika mwaka 1981 kwamba kama kuna kitu magaidi wanafanana basi ni kuwa watu wa kawaida, na utafiti wa miaka iliyofuata umemuunga mkono sana. Marc Sageman, ambaye mwenyewe ni daktari wa akili na aliwahi kufanya kazi CIA, mwaka 2004 alikusanya habari za maisha ya watu 172 wa mtandao wa Al-Qaeda na washirika wake, akaangalia kama kuna ugonjwa wa akili au utoto wa mateso, hakukuta kitu cha maana, alichokuta ni urafiki na undugu. Yaani watu waliingia pamoja na marafiki zao, shemeji zao, watu waliokuwa wanakaa nao ugenini. Hapo ndo sosholojia inaingia, kwa sababu mahusiano ya watu ndo somo lake. Wanaofanya mashambulizi peke yao bila kundi ni habari tofauti kidogo, kwao matatizo ya akili yanaonekana zaidi kuliko kwa wale wa kwenye makundi, na mtafiti makini hawachanganyi.

Charles Tilly, mwanasosholojia wa Marekani, alienda mbali zaidi, alisema mwaka 2004 kwamba hakuna aina moja ya binadamu inayoitwa gaidi, ugaidi ni mbinu, na mbinu hiyo inatumiwa na watu tofauti kabisa zikiwemo serikali. Ukilikubali hilo unaacha kutafuta sura ya gaidi na unaanza kuuliza ni mazingira gani yanafanya kundi fulani lichague mbinu hiyo wakati majirani zake wenye hasira ileile wanachagua uchaguzi au mgomo.

Dhana: Ni umaskini tu

Hapa jibu linategemea wapi na kundi gani, na ukimsikia mtu anajibu kwa neno moja ujue hajasoma vizuri. Alan Krueger na Jitka Malečková mwaka 2003 waliangalia wapiganaji wa Hezbollah waliokufa Lebanon wakakuta hawakuwa maskini kuliko wenzao, na elimu yao ilikuwa juu kidogo. Diego Gambetta na Steffen Hertog nao wakakuta mainjinia wamejaa kupita kiasi kati ya wanaharakati wa jihadi wenye elimu ya chuo. Alafu UNDP wakarudi Afrika, ripoti ya 2023, watu karibu 2,200 kwenye nchi nane, na kwa waliojiunga kwa hiari 25% walitaja kukosa kazi kama sababu kuu wakati dini ilitajwa na 17%. Matokeo yote haya yanaweza kuwa sahihi kwa pamoja. Kundi la siri linalotafuta watu wachache wa kusafiri na kutengeneza mabomu linachagua wasomi, kundi linaloteka vijiji na kuhitaji maelfu ya wapiganaji linaajiri, na ajira kwa asiye na ajira inavutia.

Dhana: Itikadi maana yake dini

Anarchist, yaani wanaopinga kuwepo kwa serikali yoyote, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 waliua marais na wafalme bila dini yoyote. Tamil Tigers wa Sri Lanka, kundi la kitaifa lisilo la kidini, lilikuwa miongoni mwa waliotumia zaidi walipuaji wa kujitoa mhanga miaka ya 1980 na 1990. Oklahoma City, Marekani, 1995, watu 168 waliuawa, aliyelipua alikuwa na chuki na serikali ya Marekani. Norway 2011, watu 77 waliuawa, itikadi ya mrengo wa kulia kabisa.

Ila kuna kitu kingine hapa ambacho watu wachache wanakijua na mimi ndo kinachonivutia zaidi kwenye fani nzima. Tunadhani mtu anaamini kwanza alafu anajiunga. Mwanasosholojia Kathleen Blee alifanya intaviu na wanawake 34 waliokuwa ndani ya makundi ya ubaguzi wa rangi Marekani, na wengi wao waliingia kwa sababu walimjua mtu humo, chuki yenyewe wakaja kufundishwa wakiwa ndani. Na upande wa pili, wanasaikolojia Clark McCauley na Sophia Moskalenko wameonyesha kwamba walio wengi wenye mawazo makali hawafanyi vurugu maisha yao yote. Kwa hiyo ukikamata kila mwenye mawazo makali umekamata watu wengi wasiohusika, na umewakosa wale walioingia kwa kumfuata rafiki.

Dhana: Mtafiti anashinda msituni na magaidi

Muda mwingi anashinda mezani. Anasoma faili za kesi, hukumu, magazeti ya zamani, maandishi ya makundi yenyewe, na anajaza data. Chuo Kikuu cha Maryland kina hifadhidata ya matukio ya ugaidi kuanzia 1970 yenye matukio zaidi ya 200,000, na kila tukio kuna mtu alikaa akaamua kama linaingia au haliingii. Kuamua huko kunachosha, kwa sababu hata wasomi hawajakubaliana ugaidi ni nini, Alex Schmid na Albert Jongman walihesabu fasili 109 mwaka 1988. Pia kuna video za mauaji ambazo wengine inabidi waziangalie kama sehemu ya kazi, na madhara yake yanabaki, usingizi unaharibika. Kama msimamizi wako haongelei jambo hili tafuta msimamizi mwingine.

Dhana: Mtafiti akishakuahidi siri, siri yako iko salama

Hii inabebwa na watafiti wenyewe na ni hatari. Kati ya 2001 na 2006 mradi mmoja wa Boston College ulirekodi wapiganaji wa zamani wa Ireland Kaskazini, wa pande zote mbili, waliotaka kuungana na Ireland na waliotaka kubaki Uingereza, kwa makubaliano kwamba kanda hazitatoka mpaka msimulizi afe. Mwaka 2011 vyombo vya sheria vya Marekani vikadai kanda hizo kwa niaba ya polisi wa Ireland Kaskazini, kesi ikaenda, na baadhi ya kanda zikakabidhiwa. Watu walikamatwa. Tangu hapo mtafiti yeyote makini anamwambia mtu mapema kabisa, kabla kinasa sauti hakijawashwa, kwamba usinitajie tukio ambalo halijafika mahakamani, kwa sababu ahadi yangu haina nguvu kuliko amri ya hakimu.

Na mtafiti mwenyewe hayuko salama. Mwaka 2008 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nottingham alikamatwa kwa sheria ya ugaidi kwa sababu ya nyaraka ya Al-Qaeda aliyoipakua kwa ajili ya masomo kwenye tovuti ya serikali ya Marekani, akashikiliwa siku kadhaa, akaachiwa bila mashtaka. Ndo maana kibali cha kamati ya maadili ya utafiti ya chuo kipatikane kabla ya kupakua chochote.

Dhana: Kazi ni ujasusi tu, na mwisho wa siku wanaomaliza ugaidi ni wanajeshi

Wengi wanafundisha chuo, wengine wako kwenye taasisi za utafiti, mashirika ya kimataifa, miradi ya kuwarudisha uraiani waliotoka kwenye makundi, wengine wanaitwa mahakamani kama mashahidi wataalamu. Kuhusu jeshi, watafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, mwaka 2008 waliangalia makundi 648 ya kati ya 1968 na 2006, na kwa yale yaliyokufa kabisa 43% yaliingia kwenye siasa, 40% yalivunjwa na polisi na intelijensia, na nguvu ya jeshi ilimaliza 7%. Matokeo ya namna hiyo yanahitaji mtu anayejua lugha ya wenyeji, anayeweza takwimu na anayeweza pia kukaa kimya kwenye intaviu ya masaa matatu, na kumpika mtu wa hivyo kunachukua miaka mingi. Anayetaka kuanza leo aanze na lugha, takwimu zinafundishika haraka zaidi.