Kiganja cha karafuu, muhula mzima wa kemia ogani

Wanafunzi wa kidato cha nne ninaowafundisha jioni hapa Tudor, Mombasa, hunijia wakiwa wameshaamini kwamba kemia ogani ni ya kukariri. Madaftari yao yamejaa mishale, kutoka alkeni hadi alkanoli, kutoka alkanoli hadi asidi, na juu ya kila mshale pameandikwa kemikali na halijoto. Ukiwauliza kwa nini mshale unaelekea huko, kimya. Mchana mimi mwenyewe ni mwanafunzi wa uzamili katika somo hili hili, jioni nafundisha, usiku naandika, na saa zote hizo swali langu halibadiliki: elektroni ziko wapi, na zinataka kwenda wapi? Anayeweza kulijibu hilo hahitaji kukariri hata nusu ya daftari lile.

Kwa hiyo tunaanza na karafuu za soko la Marikiti, kiganja kimoja tu. Hakuna mtoto wa Mombasa asiyeijua harufu yake: ipo kwenye pilau, ipo kwenye chai, na jino likiuma karafuu hutiwa hapo hapo. Sehemu kubwa ya harufu hiyo hutokana na molekuli moja, eujenoli, yenye kaboni 10, hidrojeni 12 na oksijeni 2.

Tunazitwanga kidogo, tunazitia kwenye flaski yenye maji, tunachemsha, na mvuke unapita kwenye kondensa, mrija unaoupoza uwe kimiminika tena. Kabla moto haujawashwa nawapa swali. Eujenoli huchemka karibu na nyuzi 254 za Selsiasi, na maji hapa usawa wa bahari huchemka kwa 100. Sasa itatokaje humo? Wengi husema haitatoka. Lakini kimiminika huchemka pale shinikizo la mvuke wake linapofikia shinikizo la hewa, na vimiminika viwili visivyochanganyika kila kimoja hutoa mvuke wake kama vile mwenzake hayupo. Mashinikizo hayo mawili hujumlishwa. Eujenoli inachangia kidogo sana, maji yanachangia karibu yote, na jumla yao inafikia shinikizo la hewa chini kidogo ya nyuzi 100. Mafuta yanatoka bila kuungua.

Kinachodondoka ni cheupe kama tui jepesi. Wanafunzi huinamia bika wakingoja mafuta yaelee, kwa sababu mafuta waliyoyazoea ni ya nazi. Haya yanazama! Mililita moja ya eujenoli ina uzito wa gramu 1.06 hivi, basi matone ya manjano hafifu hujikusanya chini polepole. Nawaacha wayatazame kwa muda, siwakatizi.

Kisha nachora molekuli ubaoni. Pete ya benzeni, yaani kaboni sita zilizofungana kwa duara, na kwenye pete vitu vitatu: kundi la OH, kundi la OCH3, na mkia wa kaboni tatu wenye bondi maradufu mwishoni, yaani kaboni mbili zilizoungana kwa jozi mbili za elektroni. Mkemia Kekulé alipendekeza umbo la pete mwaka 1865, na mwaka 1929 mwanasayansi Kathleen Lonsdale akaonyesha kwa eksirei kwamba pete ni bapa. Kwetu sisi lililo muhimu ni kwamba elektroni za pete hazikai baina ya kaboni mbili mbili. Zinaenea pete nzima.

Hapo ndipo tunatia myeyusho wa sodiamu hidroksidi, ile kostiki soda ya watengeneza sabuni, na kutikisa. Mafuta mengi yanapotea ndani ya maji. Yanayobaki pembeni ni machache, na humo mna karyofileni, ambayo ni kaboni na hidrojeni tupu, haina hidrojeni ya kuipa besi, yaani kemikali inayonyakua hidrojeni kama hii kostiki soda. Eujenoli imetoa hidrojeni ya OH yake, na chaji hasi iliyobaki juu ya oksijeni imepata pa kuenea, kwenye pete. Ethanoli ina OH pia lakini haina pete, chaji ingebaki pale pale juu ya oksijeni, ndiyo maana besi hii haiitoi hidrojeni yake kwa kiasi cha maana. Tukiongeza asidi ya hidrokloriki, maji yanachafuka tena na mafuta yanarudi chini. Mtu aliyeliona hilo kwa macho yake, ukimuuliza fenoli, yaani molekuli yenye OH juu ya pete ya benzeni kama eujenoli, ni asidi kwa sababu gani, hatafuti daftari.

Mwanafunzi mmoja alidondoshea eujenoli potasiamu pamanganeti, rangi ya zambarau ikatoweka, akaandika: "Bondi maradufu ipo." Ni kweli ipo, ila ushahidi wake hautoshi. Pete yenye OH ni tajiri wa elektroni, na pamanganeti huzichukua huko pia. Maji ya bromini nayo hayaamui, kwa kuwa fenoli huyapoteza rangi vilevile.

"Sasa mwalimu, tutajuaje?" akauliza.

Swali hilo ndilo ninalolisomea. Kwa kipimo cha NMR, kinachotumia sumaku kuonyesha kila hidrojeni imekaa wapi kwenye molekuli, hidrojeni zilizo kwenye bondi maradufu ya mkia hujionyesha kati ya 5 na 6 kwenye skeli yake ya ppm, mbali na zile za pete. Kazi yangu ya mchana ni ya namna hiyo: kutenganisha mafuta ya mimea, kuyapitisha kwenye safu ya silika tone kwa tone, kuweka tone kwenye vibao vidogo vya silika vya kutenganishia na kuvifunika na mvuke wa ayodini hadi madoa ya kahawia yatokee, ndipo sampuli ipelekwe kupimwa. Kuna siku nzima inayoishia kwa madoa mawili yaliyogandamana, na naipenda hata siku hiyo. Usiku naandika maelezo ya mmenyuko mmoja, na siuweki hadharani mpaka kila mshale wa elektroni uwe na mahali unapotoka na mahali unapofika.

Nilioandika juzi ni huu: ukichemsha eujenoli na besi kali, bondi maradufu ya mkia inasogea hatua moja kuelekea pete. Besi inang'oa hidrojeni kwenye kaboni iliyo kati ya pete na bondi, elektroni zinaenea, na hidrojeni inarudi kwenye kaboni ya mwisho. Bondi inatulia karibu na pete kwa kuwa hapo elektroni zake huungana na zile za pete. Ukiikata bondi hiyo kwa kuioksidisha, unapata vanilini, harufu ya vanila. Zamani viwanda viliitengeneza vanilini kwa njia hiyo, kutoka kwenye mafuta ya karafuu.

Mwalimu atakayelijaribu hili darasani: eujenoli tupu huwasha ngozi, vaeni glavu na miwani. Kostiki soda itiwe kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda. Na flaski isiachwe ikaukie motoni.