Umefika kwenye ajali kabla ya ambulensi: kazi yako, usalama wako na sheria

Nafundisha huduma ya kwanza kwa wanabodaboda, makanga na walinzi wa vituo vya mafuta kando ya barabara ya Mombasa kwenda Nairobi. Darasa likiisha, bandeji zimeshakunjwa, ndipo maswali yenyewe huanza, na mara nyingi mtu hunivuta kando ayaulize kwa sauti ya chini. Haya ndiyo yanayorudi kila mara. Sheria ninazozitaja ni za Kenya.

Mhudumu wa kwanza wa dharura ni nani hasa, na kazi yake inaishia wapi?

Ni mtu aliyefunzwa kulinda uhai wa majeruhi katika dakika za mwanzo, hadi afike aliyesomea zaidi. Anaweza kuwa askari wa trafiki, mzimamoto, mtu wa kujitolea au mwendesha bodaboda. Anaangalia kama mahali ni salama, anaita msaada (999 au 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu), anahakikisha majeruhi anapata hewa, anazuia damu, anasukuma kifua ikibidi, anamfunika asipate baridi na anamkabidhi.

Hachomi sindano, hashoni jeraha, wala hanyooshi mfupa uliovunjika. Hampi majeruhi maji wala soda, hata akiomba kwa machozi, kwa sababu huenda akapasuliwa usiku uleule na kilicho tumboni kinaweza kurudi na kuingia kwenye mapafu. Loweka kitambaa umpanguse midomo, inatosha.

Nikifika, nianze na nani?

Anza na wewe mwenyewe. Simama hatua chache kabla ya gari lililoanguka, uangalie na unuse. Najua moyo unakuvuta ukimbilie anayelia, lakini mhudumu aliyegongwa na lori la nyuma ni majeruhi mwingine, na sasa hakuna wa kuwahudumia wote wawili.

Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, lori la petroli lilipinduka. Watu walikuja na mitungi na ndoo kuchota mafuta, kisha moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Miaka kumi baadaye, Agosti 2019, jirani zetu wa Morogoro, Tanzania, wakazika zaidi ya watu 100 kwa sababu ileile. Kwa hiyo ukiona lori la mafuta limelala na chini kuna unyevu unaonuka, kazi yako ya kwanza ni kurudisha watu nyuma, mbali kabisa, kabla hujafikiria kumgusa mtu. Usiwashe pikipiki karibu na hapo. Usipige simu ukiwa umesimama kwenye mafuta. Na hao wenye mitungi waambie wazi kwamba watakufa. Watakutukana. Vumilia matusi.

Nyaya za stima zikiwa zimeanguka juu ya gari, hakuna anayeligusa gari hilo mpaka umeme ukatwe. Waliomo ndani wakiwa wazima, wapigie kelele wabaki ndani.

Barabara ikiwa wazi, weka pembetatu pande zote mbili, mbali vya kutosha ili dereva anayekuja kasi aweze kufunga breki. Kama hazipo, matawi ya miti tuliyoyazoea yanafaa. Ila mkimaliza yaondoeni. Matawi yaliyoachwa lami usiku ni ajali ya pili.

Sina glavu. Naogopa Ukimwi.

Hofu hiyo ni halali na haikufanyi kuwa mwoga. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku 2017, lakini karatasi ya nailoni inayofungiwa mkate bado iko kwenye kila duka: ivae mkononi kama glavu. Wanabodaboda wangu wengi sasa huweka jozi mbili za glavu chini ya kiti, zimefungwa vizuri zisiharibiwe na joto.

Damu ikimwagika kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda, osha kwa maji na sabuni, usiwe na wasiwasi. Ikiingia jichoni, mdomoni au kwenye kidonda, au ukichomwa na sindano au kioo chenye damu, osha kwa maji mengi bila kukamua, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo uombe dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi. Zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Humezwa kwa siku 28. Homa ya ini aina ya B nayo huambukizwa kwa damu, tena kwa urahisi kuliko Virusi vya Ukimwi, lakini ina chanjo. Kama kazi yako inakukutanisha na majeruhi mara kwa mara, chanjwa mapema.

Damu inaruka na haikomi. Nifanye nini?

Hili nataka ulione. Asubuhi moja karibu na Mariakani, kijana wa bodaboda alikuwa amechanika paja, na kiatu chake kilikuwa kimejaa damu. Makanga mmoja aliyepita darasani kwetu alimwomba mama abiria leso yake, yaani kanga. Akaikunja mara nne, akaiweka juu ya jeraha, akapiga goti na kuegemea kwa mikono yote miwili, viwiko vimenyooka, uzito wake wote hapo. Leso ikalowa. Hakuiondoa. Leso huvaliwa jozi, kwa hiyo mama alikuwa na ya pili. Akaiweka juu ya ile ya kwanza, akaendelea kukandamiza. Watu wakamwambia, "Hebu funua tuone kama imekata." Akawajibu, "Nikifunua itaanza upya." Na alikuwa sahihi: damu iliyoanza kuganda ukiibandua unafungua bomba tena.

Kama jeraha ni la mkono au mguu na kukandamiza kumeshindwa, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, kama vidole vinne kutoka hapo, kuelekea upande wa mwili, na si juu ya goti au kiwiko. Pitisha kijiti, kikaze kwa kuzungusha mpaka damu ikome, kisha andika saa. Usilegeze "kidogo ili mguu upumue". Usitumie waya wala kamba nyembamba.

Tumtoe kwenye gari?

Kama hakuna moto, maji wala hatari nyingine, mwache alivyo. Shika kichwa chake pande mbili kisigeuke, zungumza naye, subiri. Tabia yetu ya kumvuta mtu kwa mikono na kumrusha nyuma ya pikapu imewaacha wengine wamepooza, watu ambao mgongo wao ungeweza kuokolewa. Mwendesha pikipiki naye mwachie helmeti yake, isipokuwa kama hapumui au anatapika, na hapo inatolewa na watu wawili: mmoja ameshika shingo, mwingine anavuta taratibu.

Hapumui.

Mlaze chali mahali pagumu. Kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, sukuma chini sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukikiacha kifua kipande kila mara. Badilishaneni kila dakika mbili, kwa sababu mtu aliyechoka husukuma kijuujuu bila kujua.

Wako wengi na mimi niko peke yangu. Namchagua nani?

Juni 2023, pale makutano ya Londiani, lori liliwavamia watu kando ya barabara na zaidi ya 50 wakafa. Siku kama hiyo huwezi kupiga goti kwa mtu mmoja ukabaki hapo. Paza sauti: "Anayeweza kutembea aje huku!" Hao wanaokuja wanaweza kusubiri. Kisha wapitie waliolala kimyakimya, kwa maana anayepiga kelele angalau anapumua. Mfungulie hewa asiyepumua vizuri, mwambie mtu mwingine aweke mkono kwenye jeraha linalovuja, songa mbele. Asiyepumua hata baada ya kufunguliwa njia ya hewa, unamwacha. Ni jambo zito kuliko yote ninayofundisha, na sijapata maneno ya kulilainisha.

Mwalimu, nikimgusa akafa, nitashtakiwa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kando. Jibu lina sehemu mbili.

Mpita njia ambaye hana uhusiano wowote na ajali halazimishwi kwa jumla na sheria kumwokoa asiyemjua. Dereva aliyehusika ni tofauti: Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka asimame na aripoti polisi. Na mwenye jukumu la kikazi, aliye zamu, hawezi kugeuza kisogo.

Ukishaanza kumhudumia mtu, umejifunga. Hapo unatakiwa ufanye kama ambavyo mtu mwangalifu mwenye mafunzo kama yako angefanya, si kama daktari. Ili ushindwe mahakamani kwa uzembe, mlalamishi athibitishe kwamba ulikuwa na wajibu, uliukiuka, aliumia, na aliumia kwa sababu yako. Kifo peke yake hakitoshi. Mbavu zikivunjika unaposukuma kifua cha mtu aliyekwisha kuacha kupumua, huo si uzembe. Uzembe ni kunyoosha mfupa kwa sababu umeona fulani akifanya, au kumwacha mtu anayevuja damu ukaenda kubeba abiria kwa kuwa umechelewa. Ukianza, kaa naye hadi umkabidhi kwa mtu mwenye ujuzi kama wako au zaidi, au hadi mahali pawe hatari kwako.

Simu na pesa za majeruhi zihesabiwe mbele ya watu wawili na zikabidhiwe polisi au hospitali. Nimeona wahudumu wazuri wakichafuliwa jina kwa pochi ambayo hawakuiona.

Amekataa nisimguse. Je?

Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa, hata kama anakosea. Jitambulishe, mweleze unachotaka kufanya, muulize. Akikataa, kaa karibu, ita ambulensi, muulize tena baadaye, na uwe na shahidi. Aliyezimia ni tofauti: kifungu cha 9 cha Sheria ya Afya ya 2017 kinaruhusu matibabu bila ridhaa pale kuchelewa kunapoweza kuleta kifo au madhara yasiyorekebishika. Mtoto ambaye mzazi hayupo, mhudumie. Mlevi au aliyegongwa kichwa anayesema "niko sawa" huku hajui leo ni siku gani, huyo hajakataa. Akili yake haijatulia kiasi cha kuamua.

Tumemfikisha hospitali, wanataka pesa kwanza. Au wanasema tulete karatasi ya polisi.

Shika maneno haya: Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, inahesabu huduma ya kabla ya hospitali, kumtuliza mgonjwa na kumpangia rufaa kuwa sehemu ya matibabu hayo, na kituo chenye uwezo kikikataa kinaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 nayo ilianzisha hazina ya kulipia dharura, magonjwa sugu na mahututi. Hiyo karatasi ya polisi, fomu ya P3, ni ya kesi, hujazwa baadaye.

Sheria iko, lakini langoni bado kuna watu wanaogeuzwa. Oktoba 2015 mjini Nairobi, mtu aliyegongwa na gari alikaa ndani ya ambulensi takriban saa 18 akitafutiwa kitanda cha mahututi, na akafa. Kwa hiyo usibishane na mlinzi. Omba msimamizi wa zamu, sema kwa upole: "Huyu ni wa dharura, naomba umwangalie na uandike saa tuliyofika." Wewe pia andika saa na jina la uliyeongea naye. Nimeona neno "andika" likifungua milango iliyokataa kufunguliwa kwa kelele.

Picha je? Kila mtu anapiga.

Wewe usipige. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na Sheria ya Afya inalinda siri ya mgonjwa. Nje ya sheria, kuna mama ambaye atajua mwanawe amekufa kupitia kundi la WhatsApp, kwa kuitambua shati. Waombe wenye simu washike leso kuzunguka majeruhi wakiwa wametazama nje. Wanapewa kazi, na simu zinarudi mifukoni.

Siri ni nzito zaidi kwa aliyebakwa. Asioge, asibadilishe nguo kama inawezekana. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Mpeleke hospitali kwanza, kwa sababu zile saa 72 zinamhusu naye.

Ambulensi imefika. Nimwambie nini paramediki, na baada ya hapo?

Umri wa kukadiria, kilichotokea na saa, alipoumia, hali yake ilivyobadilika, ulichomfanyia. Yule makanga wa Mariakani alisema hivi: "Kama miaka ishirini, ameanguka saa nne na dakika kumi, paja la kulia, nimeweka leso mbili sijafunua, hajazimia, hajanywa kitu." Mikono yake ilikuwa bado pale pajani anapoongea. Paramediki alisema "nimeshika", ndipo akaiondoa.

Baada ya hapo vua glavu kwa kuzigeuza nje ndani, osha mikono, osha viatu. Waeleze polisi ulichoona kwa macho, si ulichoambiwa. Kisha nenda ukale, hata kama huna hamu. Ukikosa usingizi siku chache, ni kawaida. Wiki zikipita na bado unazunguka mbali ili usipite pale mahali, njoo uniambie mimi au nenda kituo cha afya uombe ushauri nasaha, kama vile ungeenda na kidonda.